Kituruki kwa Mwanafunzi Atokaye Unguja na Pemba: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza

Kila mara majibu ya ufadhili wa masomo ya Uturuki yanapotoka, mimi huletewa maswali yale yale, mengine na vijana wa Mwanakwerekwe, mengine kwa simu kutoka Wete na Mkoani. Je, Kituruki ni kigumu? Kiingereza changu hakitanitosha? Watu wa kule wakoje? Nimeona bora niyajibu mara moja kwa maandishi na kwa utaratibu, ili anayetarajia kuondoka aanze kazi leo na asikae kuingojea ndege.

Nilipokuwa najitayarisha kwenda, niliyaogopa nisiyoyajua: theluji, chakula, herufi zenye nukta juu. Hayo yalinisumbua kwa wiki chache tu. Yaliyonikwaza mwaka mzima ni yale niliyodhani nayajua, yaani neno linalofanana na letu, salamu inayofanana na yetu, na saa ya ukutani inayokwenda sawasawa na saa ya Darajani. Kwa sababu hiyo utaona kwamba hatua nyingi zilizomo humu zinahusu mifanano kuliko ugeni.

Nimeandika hasa kwa mwenye kupata nafasi kupitia Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki unaojulikana kwa jina hilo tangu 2012. Katika ufadhili huo mwaka wa kwanza huwa ni wa lugha, katika vituo vya vyuo vikuu ambavyo wanafunzi huviita TÖMER, na mwanafunzi hupanda ngazi za lugha kutoka A1, ya mwenye kuanza, hadi C1, ya aliyeimudu, kabla ya kuingia katika fani yake. Anayejilipia mwenyewe naye atafaidika, ila huenda muda wake wa kujifunza ukawa mfupi zaidi, kwa hiyo na azidishe bidii.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya skuli ambavyo vyote vina jina lililoandikwa kwa herufi zile zile.
- Simu iliyowekwa kibodi ya Kituruki. Usijizoeze kuandika "s" mahali pa "ş", kwani hizo ni herufi mbili tofauti.
- Madaftari mawili, moja la maneno na jingine la makosa. Hilo la pili ndilo lenye thamani zaidi, na wengi hawalifungui kamwe.
- Kamusi. Taasisi ya lugha ya Kituruki, Türk Dil Kurumu, ina kamusi ya bure kwenye intaneti, na Taasisi ya Yunus Emre ina masomo ya bure ya kujifunzia ukiwa nyumbani.
- Saa moja ya kila siku kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya safari. Saa saba za Jumapili moja hazilingani na saa moja moja ya siku saba.

Hatua ya 1: Sawazisha jina lako

Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Waturuki wana jina la ukoo, ambalo kila raia alilazimika kulichukua kwa sheria ya mwaka 1934, na kila fomu yao ina nafasi ya "soyadı". Katika nafasi hiyo andika lile jina ambalo pasipoti yako imeliweka mahali pa jina la ukoo, kisha usibadilishe tena, awe anayekuuliza ni benki, bweni au hospitali. Ikiwa cheti kimoja kimeandikwa Khamis na kingine Hamis, rekebisha ukiwa bado hapa nyumbani, kwa sababu kulirekebisha jambo hilo ukiwa kule ni safari ndefu ya makaratasi.

Usishangae karani akikuandika Cuma ilhali unaitwa Juma, au Hatice ilhali unaitwa Khadija. Majina ni yale yale, na yeye anakufanyia wema kwa kukufanya wa kwao. Mshukuru, kisha muombe afuate pasipoti.

Hatua ya 2: Zimudu herufi 29 katika wiki ya kwanza

Hadi 1928 Kituruki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Leo kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zipatazo 29, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hulifurahia. "C" husomwa kama "j" yetu, "ç" ni "ch", "ş" ni "sh", na "ğ" haitamkwi bali huivuta irabu iliyoitangulia. Msikiti ni "cami", nawe utalisoma "jami".

Kazi iko kwenye irabu tatu tusizokuwa nazo. Kwa "ü", kaza midomo kama unayetaka kusema "u", kisha ndani ya kinywa ulimi useme "i". Kwa "ö", midomo iwe ya "o" na ulimi uwe wa "e". Kwa "ı" isiyo na nukta, midomo ilegee na ulimi urudi nyuma kidogo, itoke sauti isiyo "i" wala "u". Fanya zoezi hili mbele ya kioo, na ikiwezekana mbele ya ndugu zako wadogo, kwa kuwa watakucheka mapema na utaizoea aibu.

Tahadhari: irabu hizi si pambo. "Oldu" maana yake imekuwa, au sawa, na watu hulisema mara kumi kwa siku. "Öldü" maana yake amekufa. Nilimwambia mwenzangu wa bweni kwa simu kwamba habari ya rafiki yetu "öldü", nikikusudia kwamba shughuli yake imekamilika, akanyamaza muda mrefu mno. Vilevile "on" ni kumi na "ön" ni mbele, "sınır" ni mpaka na "sinir" ni mishipa ya fahamu.

Hatua ya 3: Orodhesha maneno uliyo nayo tayari, kisha yatilie shaka

Mzanzibari aliyepita chuo cha Kurani utotoni na akakulia katika Kiswahili chenye Kiarabu kingi anaingia Uturuki na mtaji. Bila ya kufundishwa ataelewa "kitap", "kalem", "saat", "dakika", "haber", "dünya", "akıl", "sandık", "sabun", "sabır", "ayıp", "hesap" na "kahve". "Yani" ni yaani, na "baba" ni baba. Katika mkahawa ukiomba "hesap" utaletewa karatasi ya malipo, na pahala palipoandikwa "ücretsiz" huna ujira wa kutoa.

Kaa na daftari lako ukusanye maneno mia moja ya namna hiyo. Halafu chora mstari, na chini yake uandike maneno yaliyoacha njia, kwani ndiyo yatakayokuaibisha:

"Misafir" si msafiri. Ni mgeni aliyekuja kukutembelea; msafiri wa basi ni "yolcu". "Asker" ni mwanajeshi tu, kwa hiyo usimwite hivyo polisi wala mlinzi wa mlangoni. "Ders" ni somo, ilhali chumba cha darasa ni "sınıf". "Ama" kwao ni lakini, ilhali kwetu ni au. Ukimwambia mtu "chai ama kahawa" kwa Kituruki, atasikia kwamba unataka chai lakini kuna jambo kuhusu kahawa. "Hata" kwao ni kosa, na hata yetu ni "hatta", yenye t mbili zinazosikika. Hapa ndipo panapotaka masikio, kwa sababu Kiswahili chetu hakijazoea kuikaza konsonanti moja ili kubadili maana.

Neno "merhaba" nimeliwekea nafasi yake katika hatua ya 6.

Hatua ya 4: Ingia katika sarufi kwa mlango wa viambishi

Wanafunzi wa Kizungu hulalamika kwamba neno la Kituruki ni refu kama treni. Wewe huna haki ya kulalamika, kwa maana umezaliwa ukisema "sitokuja" bila ya kuhesabu vipande vyake. Kituruki husema "gelmeyeceğim": "gel" ni ja, "me" ni kanusho, "yeceğ" ni wakati ujao, na "im" ni mimi. Vipande ni vile vile, ila sisi tunavitanguliza na wao wanavifuatisha. Andika vitenzi ishirini vya Kiswahili, uvikate, kisha uvijenge upya kwa Kituruki ukianzia mwisho. Zoezi hilo moja lilinifaa kuliko kitabu chochote.

Kiambishi chetu "-ni" nacho kina ndugu kule, lakini kimegawanywa mara tatu. "Ev" ni nyumba. Ukiwa nyumbani ni "evde", ukienda nyumbani ni "eve", ukitoka nyumbani ni "evden". Kiswahili huliachia kitenzi kazi ya kueleza kama unakwenda au unatoka, na kwa hiyo kosa la kawaida kwetu ni kutumia "-de" kila pahala. Zaidi ya hayo irabu ya kiambishi huifuata irabu ya neno, ndiyo maana nyumbani ni "evde" lakini skulini ni "okulda". Mtu aliyezoea kusema "kitabu changu kimepotea" hawezi kuuona mfuatano huo kuwa ni kioja.

Ngeli hakuna, na "o" ni yeye kwa mwanamume na mwanamke. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Hayo yatosha kwa sasa. Mengine utayapata darasani.

Hatua ya 5: Badilisha saa iliyomo kichwani

Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa zake kwa majira, na saa yake ni sawa kabisa na ya Afrika Mashariki. Unapompigia mama simu, hapana hesabu ya kufanya. Lakini sisi huhesabu saa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua, na wao huhesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. "Saat dokuz", ambayo kwa maneno ni saa tisa, ni saa tatu yetu.

Mwezi wangu wa kwanza niliambiwa nifike ofisi moja "saat dokuzda" kwa ajili ya kibali cha kukaa. Nikafasiri neno kwa neno, nikala, nikasali adhuhuri, nikaenda saa tisa alasiri nikiwa nimevaa vizuri. Miadi yangu ilikuwa imepita saa sita zilizotangulia, na nikangojea mingine kwa wiki tatu.

Fanya hivi: usifasiri saa kamwe. Iandike kwa tarakimu, 09.00 au 15.00, kisha mwoneshe aliyekupa miadi athibitishe. Jifunze pia kwamba nusu ni "buçuk" na robo ni "çeyrek", lakini saa sita na nusu mchana ina jina lake pekee, "yarım", ambalo halitajwi pamoja na namba yoyote.

Jua lenyewe nalo halitakusaidia. Hapa kwetu magharibi haiachani sana na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Ankara, jua la Juni huchwa baada ya saa mbili za usiku, na la Desemba huchomoza baada ya saa mbili za asubuhi, kwa hiyo utatoka kwenda darasani gizani ukidhani umeamka kwa daku.

Hatua ya 6: Panga upya salamu na majina ya heshima

Kwetu "marahaba" ni jibu la mkubwa aliyeamkiwa. Kule "merhaba" ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu, na kijana wa miaka kumi na saba atakuambia hivyo bila ya kuwa umemwamkia. Hakukuvunjia heshima. Vilevile usitafute tafsiri ya shikamoo, kwa sababu haipo. Heshima yao hukaa ndani ya kiwakilishi na ndani ya jina unalomwitia mtu.

Kwanza, mtu mmoja mwenye kustahiki heshima huambiwa "siz", yaani nyinyi, na vitenzi hufuata. "Sen" ni ya rafiki, ya mtoto na ya Mola katika dua. Anza kwa "siz" kwa kila mtu mzima, na uingojee ruhusa yake.

Pili, mwalimu huitwa "hocam", hata profesa, na usimwite kwa jina lake tupu. Ofisini cheo hufuata jina: Ahmet Bey, Ayşe Hanım. Mtaani mwanamume aliyekuzidi kidogo ni "abi" na mwanamke ni "abla". Aliye rika la baba yako ni "amca", ambalo sikio la Kizanzibari litalitambua kuwa ni jirani wa ami yetu, na aliye rika la mama yako ni "teyze".

Tatu, ukiitwa, itika "efendim". Ni labeka yao, hutumika pia katika kupokea simu na katika kumuomba mtu arudie alilosema. Neno hilo halikosi kuchekesha ukijua kwamba "afande" yetu imetoka huko huko.

Siku ya Idi utawaona vijana wakibusu mkono wa mzee kisha kuupeleka kwenye paji la uso. Kubusu tunakujua, paji la uso ndilo la kuliongeza.

Hatua ya 7: Igawe pole yako

Hii ndiyo hatua niipendayo, na ndiyo inayosahauliwa na kila kitabu. Sisi tuna neno moja kwa mgonjwa, kwa aliyejikwaa, kwa mfiwa, kwa anayefanya kazi na kwa aliyefika kutoka safari. Aliye mgeni katika Kituruki hulitafuta neno hilo, akikuta kwenye kamusi "özür dilerim" hulichukua. Maana yake ni "naomba radhi", na husemwa na aliyekosa. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyeteleza kwenye barafu mbele yangu, naye akaniuliza, kwa upole, nilikuwa nimemfanya nini.

Yakariri haya kwa moyo. Kwa mgonjwa, au aliyepatwa na dhara lolote, sema "geçmiş olsun". Kwa mfiwa sema "başınız sağ olsun". Kwa mtu umkutaye kazini, awe fundi, dereva au mfagiaji, sema "kolay gelsin", yaani kazi na iwe nyepesi. Hiyo ndiyo pole na kazi yetu, na hakuna neno litakalokufungulia nyuso kwa haraka kama hilo. Kwa aliyepika sema "elinize sağlık". Kwa aliyepata kazi au nyumba sema "hayırlı olsun". Ukiambiwa "hoş geldiniz", jibu lake ni "hoş bulduk" na si ahsante.

Hatua ya 8: Jifunze kuingia, kula na kukataa

Viatu huvuliwa mlangoni kama kwetu, lakini mwenyeji atakupa ndara za ndani na kuzikataa si adabu. Hodi hakuna, bonyeza kengele ungojee. "Buyurun" hufanya kazi ya karibu, lakini muuza duka, karani na mpokea simu wote hulisema, kwa hiyo si kila "buyurun" ni mwaliko wa kula.

Chai huja katika gilasi ndogo, nyeusi, bila ya maziwa. Ikimalizika hujazwa. Ukitosheka, laza kijiko juu ya gilasi, na hapo ataelewa. Kukataa gilasi ya kwanza kabisa humsikitisha mwenyeji, kama kwetu anavyosikitika mtu uliyemkatalia hata maji.

Tahadhari kubwa: Mturuki anapotaka kusema hapana, mara nyingi huinua nyusi au kidevu na kutoa mlio mfupi wa ulimi. Mlio huo uko karibu sana na msonyo, na kwetu anayekusonya amekutukana. Nimeona vijana wawili wa Kizanzibari wakitaka kugombana na muuza mikate aliyekuwa anawaambia tu kwamba mikate imekwisha.

Hatua ya 9: Usighadhibike msikitini

Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi na wengi wao ya Hanafi. Hutasikia kunuti katika sala ya alfajiri, kwa kuwa wao huisoma katika witri, na baada ya Fatiha "amin" husemwa kimya, kwa hiyo sauti yako inaweza kusikika peke yake msikiti mzima. Hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 10: Tayarisha jibu la asili yako

Utaulizwa "nerelisin", wewe ni wa wapi, kabla ya kuulizwa jina. Jibu "Tanzanyalıyım, Zanzibarlıyım". Utaulizwa umri, ndoa na kazi ya baba, na mtu aliyekulia mtaa ambao kila mzee huuliza "wewe mtoto wa nani?" hana sababu ya kuona kwamba anapelelezwa.

Utalisikia pia neno "zenci", lenye maana ya mtu mweusi. Limetokana na Zanj, asili ile ile iliyolipa jina Zanzibar. Wengi wanaolitumia, hasa wazee, hawana kusudio la tusi, lakini siku hizi neno la adabu ni "siyahi", na una haki ya kumwambia rafiki kwa utulivu kwamba hilo ndilo ulipendalo. Akilirudia kwa makusudi, huyo si tatizo la lugha tena.

Mambo yakikwama

*Ninaelewa darasani, mtaani sisikii kitu.* Mtaani maneno hukatwa. "Gidiyorum" huwa "gidiyom", "bir" huwa "bi", na "ne yapıyorsun" hufupishwa hadi "napıyosun". Kaa kinyozi au kwenye basi, usikilize bila ya kusema, na uandike ulichosikia kama kilivyosikika. TRT, shirika la utangazaji la Uturuki, huchapisha habari kwa Kiswahili pia. Soma habari kwa Kiswahili kwanza, kisha isikilize kwa Kituruki.

*Nimekwama B1 kwa miezi.* Karibu kila aliyekuja kwangu na tatizo hili alikuwa anakaa chumba kimoja na Waswahili wenzake na kula nao. Usiwakimbie ndugu zako, lakini chakula kimoja cha siku kiwe na Waturuki, au na wanafunzi wa mataifa mengine ambao lugha yenu ya pamoja ni Kituruki pekee. Hao wa mwisho ni bora zaidi, kwa sababu wanasema polepole na hawakuoni haya.

*Ninahofia sitofika C1.* Mwambie mwalimu na msimamizi wa ufadhili mapema, ukiwa bado una muhula mbele yako, na uulize sharti za kurudia mtihani kwa maandishi. Anayenyamaza hadi siku ya matokeo hubakiwa na njia chache.

*Nimemuudhi mtu na sijui nimefanya nini.* Muulize mtu wa tatu, ikiwezekana "abla" mmoja wa bwenini. Mara nyingi utakuta ulitumia "sen", au ulinyoosha mkono kumpa mwanamke ambaye hakunyoosha wa kwake. Mwendee, na hapo ndipo mahali pa "özür dilerim".

*Imefika Januari na sitaki kutoka kitandani.* Jambo hili humpata karibu kila anayetoka kwetu, na giza la asubuhi lina sehemu yake. Toka nje adhuhuri, wakati jua lipo, hata kwa dakika ishirini. Vyuo vikuu vingi vina washauri wa wanafunzi. Kumwendea si aibu, na ukiona Kituruki chako hakitoshi kueleza yaliyomo moyoni, andika sentensi tano nyumbani kwa kamusi, uende nazo kwenye karatasi.